Kuchonga, Kukata na Kukwangua: Istilahi za Ubao wa Theluji

Mwishoni mwa mwaka uliopita tulipokea barua kutoka Msalato, kaskazini ya mji wa Dodoma. Mwandishi wake ni mfasiri anayefanyia kazi zake nyumbani. Aliambatisha kurasa sita za maelekezo ambazo alikuwa amezifasiri kwa ajili ya mdogo wake, kijana aliyeajiriwa katika ukumbi mmoja wa theluji huko nchi za Ghuba. Kazi ya kijana huyo ni kuazima watu mabuti na mbao za kuserereka, na kuwaonyesha wageni hatua za mwanzo. Kwa kuwa wenzake wengi kazini wanatoka Kenya, Uganda na kwetu, aliona ni vema wawe na maelekezo kwa Kiswahili.

Mfasiri aliomba tumkagulie istilahi zake, kwa sababu kulikuwa kumekwisha kutokea ajali. Katika ukurasa wa tatu, mahali ambapo matini ya asili ilimtaka mwanafunzi asimame juu ya ncha kali ya ubao wake, tafsiri ilisema: “Kaa ukingoni daima.” Mfanyakazi mmoja alilisoma agizo hilo kama lilivyoandikwa, akampeleka mgeni, mama mmoja Mswahili, hadi ukingoni mwa mteremko. Hapo palikuwa na wavu na nguzo. Mama yule alianguka, akajikinga kwa mkono, akavunjika kifundo cha mkono. Wanaoujua mchezo huu wanasema kwamba hilo ndilo jeraha la kawaida kabisa la wanaoanza, hata pasipo tafsiri mbaya. Lakini safari hii tafsiri ilichangia.

Tunajua kuna wasomaji watakaouliza theluji inatuhusu nini sisi watu wa nyanda kame. Swali hilo si geni. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa kilele cha Kilimanjaro, kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu kile isipokuwa kukiita “baridi”. Wataalamu wa Ulaya nao walibisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Theluji ilikuwapo, na watu waliokuwa na haja ya kuizungumza walikuwapo. Kilichokosekana ni neno lililokubaliwa na wote. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii, wakaserereka nazo wakati wa kushuka. Kwa hiyo mchezo wa aina hii ulifika katika ardhi ya nchi yetu kabla ya mpira wa wavu kupata jina lake la Kiswahili. Barafu ya mlima huo imepungua tangu wakati huo kwa zaidi ya asilimia 80, lakini Waafrika ya Mashariki wanaokwenda kwenye theluji wameongezeka. Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za skii za kilomita 10 huko Nagano mwaka 1998. Akamaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii za milimani huko Pyeongchang mwaka 2018. Kwa upande wa ubao wenyewe yuko Brolin Mawejje, Mganda aliyehamia Marekani utotoni na kujifunza mchezo huo huko. Na Dubai, tangu mwaka 2005, kuna ukumbi wenye miteremko mitano ya theluji, mrefu kuliko yote ukiwa na meta 400, katika mji ambao vijana wetu wengi wanafanya kazi.

Basi na tuingie katika jambo lenyewe. Ubao wa theluji ni ubao mmoja unaobeba miguu yote miwili, mwendeshaji akiwa amesimama ubavu kama mtu aliyesimama ndani ya ngalawa akiangalia upande. Asili yake ya karibuni ni mwaka 1965, wakati Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, alipofunga skii mbili pamoja ili binti zake wachezee. Katika Michezo ya Olimpiki uliingizwa mwaka 1998, huko huko Nagano. Ukiutazama kwa juu, ubao huu ni mpana kwenye ncha zake mbili na mwembamba katikati. Sehemu hiyo nyembamba tunapendekeza iitwe kiuno, na hapo hatuna haja ya kujitetea. Pembeni mwake, kulia na kushoto, umezungushiwa utepe wa chuma ulionolewa. Utepe huo ndio uliomponza mfasiri wetu.

Kamusi ilimpa neno “ukingo”. Ukingo ni mwisho wa mahali: ukingo wa mto, ukingo wa barabara, ukingo wa kitanda. Mtu hukaa ukingoni, husimama ukingoni, huanguka kutoka ukingoni. Lakini chuma kilichonolewa ili kikate, Mswahili hukiita makali, iwe ni kisu, shoka au jembe. “Simama juu ya makali” haiwezi kumpeleka mtu kwenye nguzo. Ubao una makali mawili: yale yaliyo mbele ya vidole vya miguu na yale yaliyo nyuma ya visigino. Tunapendekeza makali ya vidole na makali ya visigino, wala tusiyaite makali ya kulia na ya kushoto, kwa kuwa wengine hutanguliza mguu wa kushoto na wengine wa kulia.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo lilinipeleka Msalato mwenyewe mwezi Januari, nilipokuwa na shughuli nyingine Dodoma. Kuna namna mbili za kupiga kona kwa ubao huu. Ya kwanza, ubao hukingamishwa njiani, ukasukuma theluji kwa ubavu, na mwendo ukapungua. Nyuma yake hubaki alama pana kama ya fagio. Ya pili, mwendeshaji huuinamisha ubao mpaka makali yake yakaingia katika theluji, kisha huukandamiza. Kwa kuwa kiuno ni chembamba kuliko ncha, ubao unanepa, na makali yote yanalala juu ya theluji yakiwa katika umbo la upinde. Ubao hufuata upinde huo wenyewe, bila kuserereka kwa ubavu, na nyuma yake huacha mchirizi mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu. Kadiri unavyoinamishwa zaidi, ndivyo kona inavyozidi kuwa fupi. Namna hii ya pili Waingereza wameiita kwa kitenzi chenye maana ya kuchonga kinyago au kukata nyama mezani. Mfasiri wetu alichagua “kuchonga theluji”. Niliposoma mara ya kwanza, nilidhani mgeni anafundishwa kutengeneza sanamu.

Tulikuwa tukibishana juu ya neno hilo mbele ya nyumba yake, mimi nikitetea “kukata”, yeye akitetea kinyago chake, tukaona kando ya njia mzee mmoja akilima kwa plau la ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Tulimwendea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni, ila matope haya hayapendi viatu vyenu.”

Nilimwuliza kwa nini kila mara aliugandamiza mpini na kuuinamisha kidogo. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula.

“Plau likilala halikati, mwanangu. Linakwangua tu. Ukiliinamisha likaingia, linakwenda lenyewe.”

Sijapata kusikia maelezo bora ya mchezo wa ubao wa theluji, na mzee yule hajapata kuuona. Kwa hiyo kona ya namna ya kwanza tunapendekeza iitwe kona ya kukwangua, na ya pili kona ya kukata. Faida ya ziada ni kwamba dereva yeyote wa basi kati ya Dodoma na Kondoa tayari “anakata kona”, na masikio ya watu hayatashtuka. Mfasiri alikubali, ingawa bila furaha, maana alikuwa amekwisha kupiga chapa nakala ishirini.

Lakini “kuchonga” hatukulitupa. Ubao haukati vizuri kila mahali. Wataka theluji iliyoshindiliwa na kusawazishwa. Kazi hiyo hufanywa aghalabu usiku na mtambo wenye minyororo kama tingatinga, wenye pamba la chuma mbele linalosukuma theluji, na nyuma kinu kinachoisaga na kuiacha na mifereji midogo sana iliyolala sambamba, mfano wa uwanja uliofagiliwa kwa reki. Asubuhi mteremko huwa mgumu kiasi, sawa kila mahali, na makali hayakutani na donge la kuyarusha. Kadiri watu wanavyoupita ndivyo unavyochakaa, na mchana huwa umejaa vichuguu. Kitenzi cha Kiingereza cha kazi hii ndicho kinachotumika kwa kumtunza na kumpendezesha farasi, au bwana harusi, na mfasiri aliandika “miteremko iliyopambwa”. Nilimwuliza imepambwa kwa nini, kwa maua?

Jibu tulikuwa tumelipita njiani. Nje kidogo ya Msalato greda lilikuwa likitengeneza barabara ya vumbi iliyoharibiwa na mvua, na kila mtu pale alisema barabara “inachongwa”. Hakuna aliyefikiri juu ya vinyago. Kuchonga barabara ni kuisawazisha kwa pamba la chuma, kuondoa vichuguu, kuacha uso ulio sawa. Hiyo ndiyo maana hasa tuliyoitafuta. Kwa hiyo mteremko uliochongwa ndio tunaoupendekeza, na neno ambalo mfasiri aliliweka mahali pasipolo limepata mahali palo, sentensi moja tu mbele. Twaukiri ugumu mmoja: msomaji anayeijua matini ya Kiingereza ataona “kuchonga” akakumbuka kitenzi kile kingine. Lakini istilahi hutungwa kwa ajili ya asiyeijua matini ya asili, si kwa ajili ya anayeijua.

Kuhusu mabuti, maelezo yanahitajika kwa sababu usalama umo ndani yake. Wapo waendeshaji wanaovaa buti gumu la plastiki, linalofanana na la skii, lililobanwa juu ya bamba la chuma kwenye ubao mwembamba. Washindani wa mbio sambamba za Olimpiki huvaa hilo. Wengi zaidi huvaa buti laini, linalofungwa kwa mikanda miwili na kuegemezwa nyuma na kiegemeo kirefu. Buti laini humwacha mtu atembee kama mtu, na kifundo cha mguu hunepa pamoja na ubao. Kwa miaka ya karibuni, hasa Japani na Korea, wamejitokeza wapenzi wa kona ya kukata wanaoinama mpaka mkono unagusa theluji, nao huvaa buti laini. Taabu yao iko kwenye vipimo. Ubao wa kawaida wa mtu mzima una kiuno cha sentimeta 25 hivi, ilhali buti la mwanamume laweza kufika sentimeta 30. Ubao ukiinamishwa sana, ncha ya buti au kisigino hugusa theluji kabla ya wakati, makali yananyanyuka, na mwendeshaji anatupwa. Dawa yake ni ubao wenye kiuno kipana zaidi, na miguu yote miwili kuelekezwa mbele badala ya kukingama. Mtu anayeazima vifaa hana budi kulijua hili. Tafsiri ya kwanza ilisema “viatu vilegevu”, na kiatu kilegevu ni kile ambacho hakikufungwa! Laini na legevu si kitu kimoja. Buti laini lapasa kukazwa barabara.

Kuhusu tendo lenyewe la kwenda, magazeti yetu yamezoea “kuteleza kwenye theluji”. Hatuna nia ya kuyagombeza, lakini kuteleza ni bahati mbaya: mtu huteleza kwenye ganda la ndizi. Jioni ile kule Msalato watoto walikuwa wakishuka juu ya jabali lililolowa mvua, wamekalia vipande vya madumu ya njano yaliyopasuliwa. Niliwauliza wanafanya nini. “Tunaserereka.” Mmoja akaanguka, na wenzake wakapiga kelele, “Kateleza!” Watoto hawakuchanganya maneno hayo mawili, na wafasiri nao wasiyachanganye.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi, nalo ni lile la kifaa kinachoshika buti kwenye ubao, pamoja na mikanda na kiegemeo chake. “Kifungo” kinaleta jela na shati. Mwenzetu mmoja wa Pwani amependekeza “kikuku”, akikumbusha kwamba hilo ndilo jina la kile anachokanyaga mpanda farasi. Wenzetu wa bara wanasikia pambo la mguuni tu. “Gidamu” limetajwa pia, lakini hilo ni ukanda peke yake, wala si kifaa kizima. Tungependa kupata barua kutoka kwa walimu na watumishi walio karibu na mafundi wa makubazi na viatu vya matairi, watuambie mafundi hao wanaiitaje sehemu yote inayoushika mguu juu ya soli. Mfasiri wa Msalato ameacha nafasi tupu katika ukurasa wa tano, naye anangoja.