DOLE GUMBA LINAPOUMA: DARUBINI INAYOCHUNGULIA NDANI YA KIUNGO



Mama anayepukuchua mahindi, fundi cherehani anayeshika mkasi, baba anayekama ng'ombe: wote hawa hutegemea dole gumba. Maumivu yakianza shinani mwake, hata kukamua nguo au kugeuza ufunguo huwa kazi kubwa. Wengi husema, "Ni uzee tu," wakavumilia kwa miaka. Katika toleo hili tunaeleza kwa nini si vizuri kungoja, na jinsi madaktari wanavyoweza kutazama ndani ya kiungo kwa njia iitwayo athroskopi.

KIUNGO CHENYEWE

Shinani mwa dole gumba, karibu na kifundo cha mkono, mifupa miwili hukutana kwa umbo kama la tandiko. Ndiyo maana dole hili huweza kugeuka na kugusa vidole vingine vyote. Mifupa hiyo imefunikwa na gegedu laini, na kiungo kimezungukwa na utando unaotoa ute wa kukilainisha.

Vipimo vilivyotangazwa mwaka 1977 vilionyesha kwamba tukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1, shina la dole gumba hubeba mzigo wa kilo 12 hivi. Si ajabu basi gegedu ikilika. Wanaopatwa zaidi ni wanawake waliokwisha koma hedhi, na watu waliowahi kuumia mahali hapo.

Lakini si kila maumivu ya upande huu hutoka kwenye kiungo. Mama mwenye mtoto mchanga, anayemnyanyua mara kwa mara, huweza kuvimba kano za kifundo cha mkono. Tiba yake ni nyingine.

HATUA ZA KWANZA

Daktari huuliza maswali, hubonyeza shina la dole, na huagiza picha ya eksirei. Kisha hushauri kupumzisha mkono, kuvaa banzi, kufanya mazoezi na kutumia dawa ya maumivu. Pengine huchoma sindano ndani ya kiungo. Wengi hupata nafuu bila kisu.

DARUBINI NDOGO

Eksirei huonyesha mifupa, lakini gegedu yenyewe haionekani. Hapo ndipo athroskopi inaposaidia. Mwaka 1918, mjini Tokyo, Dk. Kenji Takagi alichungulia goti la maiti kwa chombo cha kutazamia kibofu cha mkojo. Baadaye Dk. Masaki Watanabe, Mjapani mwenzake, alitengeneza vyombo vyembamba zaidi. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Marekani waliandika jinsi ya kuingia kwenye shina la dole gumba.

Mgonjwa hupewa ganzi ya mkono au dawa ya usingizi. Dole huvishwa wavu na kuvutwa kwa uzito wa kilo chache ili mifupa iachane kidogo. Maji safi ya chumvi huingizwa kwenye kiungo. Kisha hupasuliwa matundu mawili madogo: moja la darubini yenye unene wa milimita 2 hivi, jingine la vyombo vya kazi. Picha huonekana kwenye televisheni.

Daktari akiona utando uliovimba huukata. Akikuta vipande vinavyoelea huvitoa. Gegedu iliyochanika huisawazisha. Wakati mwingine hupunguza sehemu ya mfupa uliolika. Baadaye mgonjwa huvaa banzi na kufanya mazoezi kwa wiki kadhaa. Hatari zipo: mshipa wa fahamu au wa damu ulio jirani huweza kujeruhiwa, na vijidudu huweza kuingia.

MIPAKA YAKE

Athroskopi haioteshi gegedu mpya. Kiungo kikiisha kulika kabisa, mara nyingi hufaa upasuaji wa wazi wa kuondoa mfupa mdogo ulio shinani. Kwa hiyo anayewahi hospitali ana njia nyingi za kuchagua kuliko anayechelewa. Tena huduma hii haipatikani kila hospitali. Huhitaji daktari bingwa aliyejifunza upasuaji wa mkono. Mwulize: kiungo changu kimefika hatua gani? Gharama ni kiasi gani? Nitakaa bila kazi kwa muda gani?

TUNAWASHAURI

– Dole linalouma lisivutwe wala kuchanjwa chale.
– Kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na homa ikaja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda kina usaha.
– Zungushia kitambaa mpini wa kisu au mwiko uwe mnene. Hubanwa kwa nguvu ndogo.
– Beba sufuria kwa mikono miwili.
– Kazi za nyumbani zigawanywe. Mama akifua mablanketi, vijana na wamsaidie kukamua.