Kamera Nzito Isitese Shingo

Katika sherehe zetu mpiga picha ni miongoni mwa watu wanaofika mapema na kuondoka mwisho. Bibi arusi akipambwa asubuhi, yupo. Kanisani yupo. Ukumbini usiku bado yupo, na kamera ingali inaning'inia shingoni. Wengi ni vijana wetu wanaojitafutia riziki, na wengine wanasomesha wadogo zao kwa kazi hiyo. Baadaye huanza kulalamika kwamba shingo imekaza, bega linauma au vidole vina ganzi. Hudhani wamelala vibaya, kumbe huenda chanzo ni ule mkanda mwembamba wa kamera.

Uzito wake ni kiasi gani?

Kamera kubwa ya kazi huwa na uzito wa karibu kilo 1. Lenzi kubwa ya kupigia picha za mbali huongeza karibu kilo 1 na nusu, na flashi pamoja na betri zake karibu nusu kilo. Jumla ni kama kilo 3. Pengine utasema, "Kilo 3 ni kitu gani, wakati mama anabeba ndoo ya lita 20?" Ni kweli, lakini ndoo hukaa juu ya ngata, katikati ya mwili, na hutuliwa akifika nyumbani. Kamera huvuta shingo kwenda mbele, mahali pale pale, kwa saa 8 au hata 12.

Kichwa cha mtu mzima peke yake kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke mbele. Tukiongeza kamera mbele, misuli hiyo hulazimika kuvuta nyuma muda wote bila kupumzika. Misuli isiyopumzika hukakamaa na kuuma. Mkanda mwembamba nao huchimba bega, karibu na njia ya mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi. Mishipa hiyo ikibanwa, mkono hufa ganzi.

Tujifunze kwa mama na kanga yake. Mtoto wa kilo 8 akifungwa mgongoni, mama anaweza kutembea naye mwendo mrefu. Mtoto huyo huyo akishikwa kwa mikono iliyonyooshwa mbele, hata dakika 5 ni nyingi. Uzito haukubadilika. Mgongoni mzigo umegusana na mwili na kanga ni pana. Basi, kamera nayo ibebwe hivyo: karibu na mwili, kwa mkanda mpana, na isikae mahali pamoja muda mrefu.

Namna bora ya kubeba

1. Toa mkanda shingoni. Uvushe kifuani, kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili, kamera ikae ubavuni. Kila baada ya nusu saa hivi hamishia bega la pili.

2. Tumia mkanda mpana wenye sponji. Fundi viatu anaweza kukushonea. Mwambie ashone kwa uzi imara, mishono miwili au zaidi.

3. Mwenye kamera mbili atumie mkanda wa mabega mawili, kama ule wa mkoba wa mwanafunzi. Ukiwa na mshipi wa kiunoni ni vizuri zaidi, kwa sababu nyonga hupokea sehemu ya uzito.

4. Lenzi kubwa yenye pete yake ya kufungia, funga mkanda kwenye pete hiyo. Kamera ikishikwa peke yake, lenzi huvuta kwenda chini na kuumiza kiwiko, kifundo cha mkono na hata kiungio cha kamera.

5. Wakati wa kupiga picha, bana viwiko kwenye mbavu, na kiganja cha kushoto kiwe chini ya lenzi. Ukitaka kumpiga picha mtoto, piga goti badala ya kukunja mgongo.

6. Wakati wa hotuba ndefu, tumia stendi au weka kamera mezani mbele yako. Zungusha mabega polepole, geuza shingo kulia na kushoto, na unywe maji.

Usalama wako na wa wengine

Kabla ya kutoka nyumbani, vuta mkanda kwa nguvu na kukagua mishono na vishikizo. Mikanda mingine hufungwa kwa skrubu chini ya kamera, na skrubu hulegea kwa kutembea. Ikaze mara kwa mara, na ongeza kamba fupi ya pili ya akiba. Unapopita kati ya watoto, shika kamera kwa mkono, kwani kilo 3 zikibembea zinaweza kumjeruhi mtoto kichwani.

Ukipanda bodaboda, usivae kamera shingoni kamwe. Mkanda unaweza kunaswa na gurudumu, na ukianguka kamera itakugonga kifuani. Iweke ndani ya begi lililofungwa vizuri.

Ni wakati gani uje hospitali?

Maumivu ya kawaida hupungua kwa kupumzisha bega siku chache na kulikanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Usijizoeze kununua diklofenaki dukani na kuimeza kila wiki ili uweze kufanya kazi. Dawa hiyo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Njoo hospitali kama ganzi haiishi, kama mkono umepungua nguvu na vitu vinakuponyoka, au kama maumivu yanakuamsha usiku. Miguu ikiwa mizito au mkojo ukitoka bila kujizuia, njoo siku hiyo hiyo. Na maumivu ya kifua yanayokwenda begani au mkononi, pamoja na jasho jingi au kukosa pumzi, usiyasingizie mkanda. Huenda ni moyo. Wahi hospitali mara moja.

Nasi tunaoalika wapiga picha tuna sehemu yetu. Tuwatengee kiti, meza ndogo ya kuwekea vifaa na sahani ya chakula kama wageni wengine. Picha za harusi tutazitazama kwa miaka mingi. Aliyetupigia naye ana miaka mingi ya kazi mbele yake, na anaihitaji shingo yake.