Je, Wajua? Soya Mbichi Huvimbisha Kongosho la Kifaranga

Kifaranga wa kuku wa nyama anaweza kula soya mbichi hadi gole lijae, na bado akadumaa. Kongosho lake nalo huvimba.

Chanzo ni vizuizi vya tripsini. Hizi ni protini za soya zinazofunga kimeng'enya cha kusaga protini utumboni. Kongosho hujitutumua kutoa kingine, likakua kupita kiasi, huku chakula kikipita bila kumeng'enywa vizuri. Dawa yake ni moto. Mwaka 1917 nchini Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel walionyesha kwamba panya hukua vizuri wakilishwa soya iliyopikwa, si mbichi.

Lakini moto ukizidi, hasara hugeuka upande wa pili. Sukari hushikana na lisini, asidi amino muhimu kwa nyama ya kidari, na kuku hawezi tena kuitumia. Mashudu, yaani makapi ya soya iliyokamuliwa mafuta, huwa ya kahawia iliyokolea. La kusikitisha zaidi, maabara bado inaweza kuonyesha protini asilimia 44 au 48 kama kawaida, kwa kuwa kipimo kilichozoeleka huhesabu naitrojeni tu. Mfugaji hulipia protini ambayo kuku wake hawaipati.

Ubichi hupimwa kwa urea na kiashiria cha rangi. Mashudu yasiyoiva vya kutosha hugeuza urea kuwa amonia, na madoa mekundu hujitokeza.

Kuungua kuna kipimo chake: protini hukataa kuyeyuka katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi.