Ghala la Intaneti Nyumbani: Likikwama, Tufanyeje?

Kwa jamaa nyingi za Baraka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na za Fizi huko milimani, intaneti hununuliwa kwa kipimo kama mafuta ya taa. Kifurushi kikiisha kabla ya siku yake, mwanafunzi hupungukiwa na somo, na mama hukosa habari za nduguze walio kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako Wakongo wa Kivu Kusini wamekaa tangu 1996. Si upuuzi basi kujifunza namna ya kutunza kile kidogo tulichonunua.

Chombo kimoja cha kazi hiyo huitwa proksi. Penye simu na kompyuta kadha, huwekwa kompyuta ndogo langoni, kati ya nyumba na dunia ya nje. Kazi yake ya kwanza ni ulinzi: kupitisha kinachofaa na kukataa kisichofaa. Mlinzi huyo aitwa fayawoli. Pamoja naye aweza kukaa mtumishi wa pili, ndiye proksi. Mtoto akiomba ukurasa, mtumishi huenda kuuleta, humpa, kisha huweka nakala ghalani. Mwenzake akiuomba ukurasa ule ule, hupewa kutoka ghalani, wala hapana senti inayotoka. Programu ya namna hii ijulikanayo sana ni Squid, maana yake ngisi. Ilianza Marekani mwaka 1996, nayo hutolewa bure.

Tuanzie wapi?

Siku kurasa zisipofunguka, wengi hukimbilia kuzima na kuwasha kila kitu, au kumlaumu mtoto aliyekishika chombo mwisho. Ni heri kuuliza maswali kwa taratibu.

Swali la kwanza: je, mlinzi mwenyewe afika nje? Tumwagize aite kompyuta ya mbali kwa tarakimu za anwani yake, kisha kwa jina. Tarakimu zikiitika na jina lisiitike, kosa liko kwa seva inayofasiri majina, wala si kwa proksi. Zote mbili zisipoitika, labda kifurushi kimekwisha au mnara wa simu umezimika.

La pili: tuiruhusu kompyuta moja ipite bila proksi. Ukurasa ukifunguka, basi mgonjwa ni yule mtumishi.

La tatu: je, ghala limejaa? Diski ikijaa, proksi yaweza kusimama. Tena ghala kubwa hula kumbukumbu: kwa kila gigabaiti 1 ya ghala, Squid hutaka takriban megabaiti 14 kwa ajili ya orodha yake tu. Na umeme ukikatika ghafla, programu hiyo ikirudi huanza kuhesabu mali ya ghala upya. Tungoje amalize kabla ya kumhukumu.

La nne ni saa, na swali hili hutupita mara nyingi tunapotumia umeme wa jua na betri zikaisha usiku. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri yake. Ikiwashwa kabla ya kufika intaneti, hudhani bado ni siku iliyopita. Hapo haijui tena nakala ipi ni mpya na ipi imechakaa, na vyeti ambavyo mlinzi mwenyewe huvichunguza huweza kuonekana havijaanza kutumika. Tusahihishe saa kwanza.

Ushahidi wa daftari

Squid huandika kila ombi katika daftari. Neno HIT laonyesha kwamba nakala imetoka ghalani; MISS, kwamba imeletwa kutoka nje; DENIED, kwamba ombi limekataliwa kwa amri zetu wenyewe. Nyumba ikibadili ruta na anwani za ndani zikabadilika, proksi isipoambiwa huwaona wenyeji kuwa wageni, ikawafungia mlango. Dawa ni kuandika anwani mpya katika orodha ya ruhusa.

Barua zenye lakiri

Lakini daftari hilo latufundisha jambo kubwa zaidi. Tutaona neno CONNECT mstari baada ya mstari, na HIT chache mno. Huo si ugonjwa. Zamani kurasa nyingi zilipita wazi kama kadi ya posta. Mwishoni mwa 2015 Let's Encrypt ilianza kuwapa watu wote vyeti vya bure, na leo tovuti nyingi mno hutumia njia ya lakiri, yaani HTTPS. Mtumishi hubeba bahasha iliyofungwa. Hajui kilichomo, wala hawezi kuweka nakala yake.

Iko njia ya kuvunja lakiri. Proksi hujifanya kuwa ndiyo tovuti, na vyombo vyote vya nyumbani huwekewa cheti chake ili viiamini. Njia hiyo hufaulu kwa sehemu tu, maana programu nyingi za simu hukikataa cheti hicho. Na hata ingefaulu yote, haifai nyumbani. Mwenye funguo za proksi aweza kusoma neno la siri la benki, barua ya mke kwa nduguye, na maradhi ambayo mgeni ameyauliza kwa aibu. Mwizi akiingia langoni, huyapata yote pamoja. Baba ana haki ya kujua watoto wake watembea wapi. Lakini imani ya watu wa nyumbani ni ghali kuliko megabaiti.

Tufanye nini badala yake? Proksi ibaki kwa kazi zinazopita wazi, kama masasisho ya Debian, ambayo huwa na sahihi ya kuyathibitisha. Simu zizuiwe kupakua video zenyewe bila kuombwa. Na kwa masomo, iko programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, nayo huhifadhi Wikipedia ili isomwe pasipo intaneti. Mtu aipakue mara moja mahali penye mtandao wa nafuu, aipandishe Fizi katika kadi ya kumbukumbu, na nyumba nzima isome mwaka mzima bila kulipa tena.

Basi mwenye proksi alifungue daftari lake leo, ahesabu HIT za juma zima. Zikiwa nyingi, amshukuru mtumishi wake. Zikiwa chache, ampumzishe, amwache mlinzi peke yake langoni, na umeme uliookolewa uwashe taa ya mtoto anayesoma.