Mnyonge Aweza Kumshinda Bingwa wa Sataranji?

WAHENGA walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Usemi huo husikika sana penye ubao wa drafti. Makambako ni njia panda: hapo barabara ya Njombe na Songea huiacha barabara kuu iendayo Mbeya, na hapo pia ipo stesheni ya TAZARA. Mji wa namna hiyo haukosi watu wanaosubiri safari, na msafiri hupunguza saa zake kwa kucheza. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba; kete ni vizibo vya soda, vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule chali. Kila kijiwe kina bingwa wake. Kijana akitaka kuketi mbele yake huambiwa, "Huyo si saizi yako, mdogo wangu."

Je, kauli hiyo ni ya haki? Jibu tunaweza kulitafuta katika sataranji, ndugu wa drafti, kwa sababu nguvu za wachezaji wake hupimwa kwa hesabu.

Sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wa miraba 64. Kila mmoja ana kete 16, na lengo ni kumbana mfalme wa mwenzake hadi akose pa kukimbilia. Tangu 1970 Shirikisho la Sataranji la Dunia hutumia vipimo vilivyobuniwa na Arpad Elo, mtaalamu wa Marekani aliyezaliwa Hungaria. Mchezaji akishinda huongezewa pointi, akishindwa hupunguziwa. Anayetaka daraja la juu kabisa, la grandimasta, sharti afikie pointi 2500, pamoja na kutimiza masharti mengine mashindanoni.

Sasa tutazame yaliyotokea Doha, Qatar, Oktoba 2023. Magnus Carlsen wa Norway, aliyekuwa akiongoza orodha ya dunia tangu 2011, aliketi mbele ya Alisher Suleymenov, grandimasta kijana wa Kazakhstan. Carlsen alikuwa na pointi 2839, Suleymenov 2512. Kwa hesabu za Elo, pengo hilo la pointi 327 lina maana kwamba katika michezo 100 mnyonge hutazamiwa kupata alama 13 hivi, sare ikihesabiwa nusu. Akitoka sare mara 20 na kushinda mara tatu tu, alama hizo zimetimia.

Suleymenov alishinda. Na katika mashindano hayo hayo Carlsen alifungwa tena, safari hii na Murali Karthikeyan wa India, ambaye naye alikuwa chini yake kwa pointi zaidi ya 200.

Baada ya kushindwa na Suleymenov, Carlsen alieleza kuwa alipoona mpinzani wake amevaa saa mkononi, mawazo yake yalivurugika. Hata hivyo alisema hamtuhumu kwa udanganyifu, na kwamba kijana yule alistahili ushindi. Hapo pana funzo. Mara nyingi mdogo akimwangusha mkubwa, watu hutafuta hila au uchawi kabla ya kutafuta sifa.

Mambo kama hayo hutokeaje? Kwanza, mwenye pointi nyingi akitoka sare na mdogo hupunguziwa pointi. Hivyo hulazimika kutafuta ushindi hata kwa njia za hatari. Pili, siku hizi kompyuta humfundisha kijana wa mbali kama imfundishavyo bingwa. Tatu, mkubwa naye ni binadamu: huchoka, na kosa moja hutosha.

Lakini tusijidanganye. Carlsen huyo huyo alicheza michezo 125 mfululizo ya muda mrefu bila kufungwa, hadi Jan-Krzysztof Duda wa Poland alipomkatiza Oktoba 2020. Mchezo mmoja huweza kumpendelea mnyonge. Michezo mingi huonyesha uzito wa kila mtu. Wakazi wa Njombe wanalijua hilo. Katika msimu wa 2017/2018 timu yao, Njombe Mji, ilicheza Ligi Kuu. Kila timu kubwa ilipopanda hadi Uwanja wa Sabasaba, mashabiki walikuwa na haki ya kutumaini. Lakini ligi ilikuwa na michezo 30, na mwisho wake Njombe Mji iliteremka daraja.

Basi, kuna faida gani kuketi mbele ya mwenye nguvu? Faida ni kwamba hakuna njia nyingine ya kupata nguvu. Reli ipitayo Makambako huishia Kapiri Mposhi, Zambia. Ni nchi hiyo iliyomtoa Amon Simutowe, aliyetunukiwa ugrandimasta mwaka 2009. Naye hakuufikia kwa kuwapisha wakubwa. Daraja hilo halipatikani bila kupambana nao.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mwanao akiomba kucheza na bingwa wa kijiweni, usimzuie kwa hofu ya kufungwa. Mwambie kweli: leo huenda akafungwa, na kesho pia. Akirudi nyumbani, muulize ni kete ipi iliyomponza. Kijana ajuaye jibu la swali hilo amekwisha kupunguza pengo.