Kisu hukata tumbo, sufuria humaliza kazi

Lori likikaribia Mikese hupunguza mwendo. Hapa, mashariki mwa mji wa Morogoro, kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, kuna mizani ya magari. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Aliyezidisha hulipa faini, na mzigo hushushwa au kupangwa upya. Kinachowasumbua wenye magari ni kwamba lori lililoshushwa mzigo leo linaweza kupakiwa vilevile kesho, likarudi kwenye mizani ileile na kosa lilelile.

Nimelikumbuka lori hilo kwa sababu ya swali linaloulizwa sana siku hizi, mijini na hata kwenye vijiji vya kando ya barabara kama hivi: je, upasuaji wa kupunguza uzito unaponya unene? Jibu langu ni kwamba upasuaji hushusha mzigo. Kazi ya kuzuia usipakiwe tena hufanyika jikoni, na jiko hilo linapaswa kuanza kubadilika kabla mgonjwa hajalazwa.

Tusidhani ni tatizo la watu wa mjini peke yao. Utafiti wa taifa wa hali ya watu na afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Barabara kuu imeleta neema ya biashara, na imeleta pia chipsi mayai, soda baridi na maandazi ya asubuhi hadi usiku. Bodaboda imechukua nafasi ya miguu. Sembe nyeupe imeisukuma dona pembeni. Na Morogoro ni mkoa wa sukari. Kilombero na Mtibwa ziko hukuhuku.

Barabara hiyohiyo inayopita Mikese ukiifuata kuelekea pwani, ukapita Chalinze, Mlandizi na Kibaha, inakufikisha Kibamba, jirani na Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila. Katika miaka ya karibuni hospitali hiyo imekuwa ikitoa huduma za kupunguza uzito, ikiwamo kuweka puto tumboni. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kwenda kuliongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika mwaka 2025, ndiye aliyewafanya Watanzania wengi wazungumzie sahani zao hadharani. Kwa hiyo habari za puto na upasuaji zimefika mbali. Habari za sufuria bado ziko nyuma.

Kisu kinafanya nini

Njia zinazotajwa sana ni tatu. Ya kwanza ni puto. Linaingizwa kwa kupitia mdomoni, bila kukata, na kujazwa maji likiwa ndani ya tumbo ili mtu ashibe upesi. Baada ya miezi kama sita, au mwaka kwa aina nyingine, linatolewa. Likishatoka, tumbo ni lilelile. Kilichobaki ni mazoea tu.

Ya pili ni kukata tumbo lenyewe. Daktari anaondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na kinachobaki ni kama ndizi moja nyembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo hasa inayotengeneza ghrelini, homoni inayomwambia mtu kwamba ana njaa, na ndiyo maana wengi husema njaa yao imepoa.

Ya tatu, madereva wa barabara hii wataielewa upesi: ni njia ya mchepuko. Linatengenezwa tumbo dogo lenye ukubwa wa yai, kisha linaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu ya mwanzo. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliianzisha njia hii mwaka 1966. Sehemu inayorukwa ndiyo inayonyonya kwa wingi madini ya chuma na kalsiamu, kwa hiyo mchepuko una gharama yake.

Upasuaji si wa kila mwenye kitambi. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inautaja kwa mtu ambaye uzito wake kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unafika 35, au 30 kama ana kisukari. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.6 hufika 35 akiwa na kilo kama 90. Faida yake ni ya kweli. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987 uliwafuatilia waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na matokeo ya 2007 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili ya kupungua, kilo kadhaa huanza kurudi.

Kabla ya kulazwa

Watu wengi wanaokwenda kupasuliwa hufanya karamu ya kuaga. Wanakula pilau ya mwisho, chipsi za mwisho, soda ya mwisho. Hili ni kosa, na sababu yake ni ini. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta, na upande wake wa kushoto unalifunika tumbo kwa juu. Daktari anafanya kazi kwa kamera na vyuma vyembamba kupitia matundu madogo. Ini likiwa kubwa na laini, linamziba na linaweza kutoa damu. Ndiyo maana mgonjwa huwekwa kwenye mlo mdogo wa wiki mbili hadi nne, wenye wanga na mafuta kidogo, ili ini lisinyae.

Mwenye kisukari asianze mlo huo kimyakimya. Dawa alizokuwa akitumia na ugali wa sahani nzima zinaweza kumshusha sukari hadi akazimia, kwa hiyo vipimo vya dawa vipangwe upya na daktari. Huu pia ni wakati wa kupima damu: kiwango cha madini ya chuma, vitamini B12 na vitamini D. Anayeingia na upungufu hutoka na upungufu mkubwa zaidi.

Halafu kuna mazoezi ya mdomo. Tafuna tonge moja mara ishirini au thelathini. Weka kijiko chini kila baada ya tonge. Acha kunywa maji katikati ya chakula, usubiri nusu saa. Kwa mtu aliyezoea kusukumia ugali kwa maji, hayo ni mageuzi makubwa, na heri yaanze angali nyumbani kuliko kuanza akiwa na kidonda.

Kutoka supu hadi ugali

Baada ya upasuaji chakula hurudi kwa hatua, kama mtoto anavyolikizwa. Hospitali hutofautiana kwa siku, lakini mpangilio hufanana.

Siku za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, kwa kijiko au funda dogo. Kisha, kwa wiki moja au mbili, huja vya majimaji vyenye nguvu: maziwa, mtindi usio na sukari, uji mwepesi wa ulezi uliopikwa kwa maziwa na kuchujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vya kupondwa: choroko zilizoiva hadi zikapasuka, kunde zilizomenywa, samaki aliyetolewa miiba na kupondwa na mchuzi wake. Ya tano na ya sita ni vyakula laini: yai la kuchemsha, samaki, mlenda, mchicha uliokatwa vizuri. Baada ya hapo, polepole, chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo.

Ugali huja mwisho, na huja kidogo. Ni mzito na unanata, na ndani ya tumbo lililobaki na ukubwa wa ndizi unaweza kukwama na kumletea mtu maumivu na kutapika. Wali mkavu na mkate laini nao ni hivyohivyo, pamoja na nyama choma isiyotafunika. Matonge mawili ya ugali mwishoni, baada ya samaki na mboga, yanatosha. Kwa mtu wa Morogoro hapo ndipo pagumu, kwa sababu kwetu ugali ndio chakula chenyewe, na vingine vyote ni vya kuusindikiza. Baada ya upasuaji kitoweo ndicho mwenye nyumba, ugali ni mgeni.

Sababu ni protini. Mwili unaopungua haraka hula misuli yake wenyewe usipoletewa protini, nao unahitaji gramu 60 hadi 80 kwa siku. Miezi mitatu hadi sita baada ya upasuaji nywele nyingi hudondoka kwa sababu ya mshtuko wa mwili na kupungua kwa kasi, na protini ikikosekana hali huwa mbaya zaidi.

Hapa huanza biashara ya kuwauzia watu makopo ya unga wa bei ghali. Yapo yanayosaidia, hasa wiki za mwanzo, lakini hesabu tufanye kwa chakula chetu. Mayai mawili ni gramu 12. Vikombe viwili vya maziwa ni 16. Samaki au kuku gramu 100, akigawanywa kwa milo miwili, ni kama 24. Nusu kikombe cha choroko zilizopikwa ni 7. Kijiko kikubwa cha dagaa wakavu waliosagwa, wakanyunyizwa kwenye mboga, ni 5 au 6. Jumla inavuka 60, na hakuna kopo lililofunguliwa. Samaki wakikosekana, dagaa na kunde vinaongezwa. Vyote hivi vinajulikana sokoni Mikese.

Sukari ni adui wa namna yake, hasa kwa waliochepushwa. Juisi ya miwa, soda au chai ya vijiko vinne hushuka kwenye utumbo kwa kasi mno. Ndani ya dakika kumi hadi thelathini mtu anatokwa jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linakata na kuharisha kunafuata. Pombe nayo hupanda kichwani haraka kuliko zamani. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema, kwa sababu mwili unaohitaji lita moja na nusu ya maji kwa mafunda madogo hauwezi kuyanywa yote magharibi, na futari inayoanza kwa tende nyingi ina hatari hiyohiyo ya sukari.

Sinia na maneno ya watu

Kuna sehemu ya lishe ambayo haimo kwenye karatasi za hospitali. Sisi hatuli peke yetu. Anayepita wakati wa chakula huambiwa "karibu", na kukataa ni kama kumdharau mwenye nyumba. Kwenye harusi, shangazi anakujazia sahani kwa mapenzi yake yote na anakuangalia ukila. Utamwambiaje kwamba tonge la sita litakutapisha?

Na kupungua kwenyewe kuna gharama. Kwetu kunenepa kumekuwa ishara ya kutunzwa. Anayepungua kilo kumi na tano kwa miezi michache huulizwa njiani, "Mama, mbona umekwisha? Unaumwa nini?" Wengine hawaulizi, wananong'ona, na minong'ono ya miaka ya UKIMWI hatujaisahau. Mtu anaweza kuanza kula zaidi ya kiasi ili kuwanyamazisha watu.

Kwa hiyo nashauri kwamba siku ya kuongea na mtaalamu wa lishe, mgonjwa asiende peke yake. Aende na mume, au dada, au yule hasa anayepika. Kwa familia za Kiluguru, ambako neno la mjomba lina uzito, mjomba akielewa anaweza kuwanyamazisha wengine kwa sentensi moja: "Mwacheni ale kidogo, ndivyo alivyoelekezwa." Sentensi hiyo ni dawa kamili.

Vidonge vya maisha

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika kwanza. Baada ya kukatwa tumbo au kuchepushwa, vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote: chuma, kalsiamu, vitamini D, B12 na vinginevyo. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, vipishane saa mbili, na chuma kisimezwe na chai. Anayetapika siku kadhaa mfululizo arudi hospitali haraka, maana upungufu wa vitamini B1 unaweza kudhuru ubongo. Dawa za maumivu kama diklofenaki, tunazonunua dukani kama pipi, zinaweza kuleta vidonda kwenye tumbo lililochepushwa. Na mwanamke asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba.

Ndiyo maana mtu wa Mikese asiulize bei ya upasuaji peke yake. Aulize: nikirudi nyumbani, vidonge hivi nitavinunua wapi kila mwezi? Damu yangu itapimwa Morogoro mjini au nirudi Dar es Salaam? Nani atanijibu simu nikitapika usiku? Asiyekuwa na majibu bado hajawa tayari, hata kama fedha za kisu anazo.

Na aliye tayari aanze leo jioni, kwa sufuria ya choroko. Aipike ya nyumba nzima, mafuta kijiko kimoja, mchicha pembeni, ugali mdogo wa dona. Watoto wale hichohicho. Miezi michache baadaye, akirudi kutoka Mloganzila kwa barabara ileile na kupita tena kwenye mizani, asikute nyumbani chakula cha mgonjwa na chakula cha wazima. Akute chungu kimoja, ambacho wenzake walikwisha kukizoea wakati yeye hayupo.