Isimu Kabla ya Uzamili: Anza na Vitenzi vya Nyumbani

Anayetaka kusoma shahada ya uzamili ya isimu akiwa ametokea uhandisi, uuguzi au sheria mara nyingi hukimbilia kitabu cha Chomsky cha 1957, kisha hukwama kurasa za mwanzo. Kwa maoni yangu, ameanzia mwisho. Isimu ni kukusanya data, kukisia kanuni, kisha kuijaribu mpaka ivunjike. Na Mswahili aliyeko London au Minneapolis data anayo kinywani.

Chukua kauli ya kutendea. Pika huzaa pikia, kata katia, vuta vutia. Lakini leta huzaa letea na soma somea. Kanuni inajitokeza upesi: mzizi wenye e au o hufuatwa na e, wenye a, i au u hufuatwa na i. Sasa ajaribu vitenzi vya kutendua. Funga hutoa fungua, ziba zibua, chomeka chomoa. O imevuta o, sawa. Lakini tega hutoa tegua, wala hakuna asemaye tegoa. Irabu e, iliyokuwa kambi moja na o, imehamia upande wa i na a! Hali hii imeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na mtu ameifikia kwa karatasi na kalamu tu. Akijiuliza l ya nunulia imetoka wapi ilhali nunua haina, ameshaingia isimu ya historia, na hapo kitabu cha Nurse na Hinnebusch cha 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Sabaki kitasomeka kwa hamu.

Atatokea wa kusema kwamba kuijua lugha si kuichambua, na kwamba mazoea hupofusha. Ni kweli, ndiyo maana baada ya Kiswahili aende Kituruki, ambako irabu hufuatana kwa kigezo kingine: ulimi kuwa mbele au nyuma. Kwamba mihadhara itakuwa kwa Kiingereza si kikwazo kikubwa. Istilahi hushikika upesi kwa aliyekwisha kukiona kinachotajwa. Hoja nzito ni ya fonetiki. Kitabu cha Ladefoged, kilichotoka mara ya kwanza 1975, kinaeleza vizuri, lakini wazungumzaji wengi wa Kiswahili hutamka b ya baba kwa kuvuta hewa ndani bila kujua, na sikio lisilozoezwa halijisahihishi. Mwenye fedha za kozi moja tu, azitumie hapo.